Hatua Ambayo Fundi Castory Hakumfundisha Mtu

Saa moja asubuhi, Mlali. Castory Alois, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, amelala chali chini ya Volkswagen ya mwaka 1967, akikaza nati ya mkanda wa usalama. Ndani ya gari, aliyeshika kichwa cha bolti ni Luqmani, mtu ambaye kwa miaka minne Castory hakupenda hata kulisikia jina lake.

"Shika vizuri, usinichezee!" anafoka Castory.

"Nimeshika, mwalimu."

Magari mengi ya umri huu yalikuja bila mikanda. Leo hupambwa maua na kukodishwa harusini, yakipanda na kushuka kona za Mgeta. Castory ameyafungia mikanda kwa miaka ishirini na minane, na kwa muda mrefu hakuwa na mpinzani.

Kisha Luqmani, aliyejifunza kazi kwake, akafungua karakana mjini Morogoro. Viti vyake vinang'aa. Mikanda yake hufanana rangi na viti. Castory, aliyezoea kupokea magari manne kwa mwezi, akawa anapata moja, pengine asipate kabisa.

"Nikiona gari alilolitengeneza yeye, chakula hakipiti," anakiri. "Watu wanalipiga picha, mimi nimekunja uso kama niliyefiwa."

Mwezi Juni, Peugeot ya Mzee Pazi ilileta maharusi kanisani ikiwa na mikanda mipya myekundu, kazi ya Luqmani. Watu wakishangilia, Castory aliinama kuchungulia uvunguni, akitafuta kasoro. Akaiona. Ncha za skurubu zilichomoza kwenye sakafu iliyoliwa na kutu. Hapakuwa na pleti, kipande cha chuma kinene kiwekwacho chini ya sakafu ili bolti isichomoke gari linapogonga.

Mkanda wa namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa mkanda, kwa maana humfanya mtu ajione salama naye hayuko salama.

Castory alifurahi. Furaha hiyo ndiyo inayomwaibisha mpaka leo. Alinyamaza majuma mawili.

"Nikisema, watasema ni wivu," alimwambia mkewe, Yuliana.

"Na ni wivu kweli, Baba Esther," mama huyo alimjibu, akiendelea kuchambua mboga. "Lakini skurubu zitachomoka tu, uwe na wivu usiwe nao. Nenda."

Akaenda. Alimkuta Luqmani kwa Mzee Pazi, akirekebisha mlango wa gari lile lile. Pazi alicheka aliposikia habari. "Castory bwana! Unamwonea kijicho mtu uliyemfundisha mwenyewe?"

"Namwonea, tena sana. Sasa kaa, funga mkanda, kisha jitupe mbele kwa uzito wako wote."

Uzito wa Mzee Pazi si haba. Skurubu zilitoka pamoja na kipande cha sakafu, naye akapiga kifua kwenye usukani. Honi ikalia. Hakuna aliyecheka tena.

"Kwa nini hukuweka pleti?" Castory aliuliza, akijiona mshindi.

Luqmani hakuinua sauti. "Pleti gani, mwalimu? Kila tulipofika kufunga kule chini, ulinituma chai. Nikirudi, nakuta umeshamaliza, juu zulia, chini umepaka lami."

Ndivyo ilivyokuwa. Wapo mafundi wanaobakiza hatua moja wasiyoifundisha, ili mwanafunzi asije akawanyang'anya wateja. Castory alibakiza ile inayookoa uhai.

Luqmani alikwisha kufunga mikanda kwenye magari kumi na mawili. Tangu siku hiyo wawili hao wanayatafuta, kuanzia Mikese hadi hapa Mlali, na kuyafunga upya bila malipo. La Mzee Pazi lilikuwa la kwanza. Volkswagen hii ni gari la nane. Kati ya manne yaliyosalia, moja limekodiwa kwa harusi ya Jumamosi huko Dumila. Wanataka kulifikia kabla ya Ijumaa.

Baada ya hapo, Castory anakusudia kuwaita mafundi wote wa mjini waione pleti ikifungwa, mwanzo hadi mwisho.

"Nitamwachia Luqmani aifunge yeye, maana mkono wake ni mzuri kuliko wangu," anasema, akitazama kando. "Watamsifu. Itaniuma, sitakudanganya. Acha iniume."