Sanduku Lililopimwa kwa Mpira wa Tyubu

Jumanne ya pili ya Februari, katika mwaka wangu wa tatu wa ujane, dereva mmoja wa watalii aliingia katika karakana yetu ya bati hapa Karatu. Alitaka sanduku la vifaa la kukaa nyuma ya kiti cha mwisho. Gari lake lilikuwa gereji likibadilishwa springi, na kesho yake asubuhi lilipaswa kupeleka wageni Ngorongoro. Alituletea kipimo tu: ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umefungwa mafundo mawili kuonyesha urefu wa nafasi.

Karakana aliiacha marehemu mume wangu, na tunaiendesha mimi na mdogo wake. Shemeji hukata na kukunja bati, mimi huchora. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na wajukuu, kisha nikajifunza chuoni kuchora kwa kompyuta. Sijawahi kuona haya kulisema hilo.

"Shemeji," aliniambia siku hiyo, "sanduku hili likigoma kuingia, kompyuta tunaiuza. Tununue mkasi mpya, nawe urudi kaunta."

"Na likiingia?"

"Likiingia nitanyamaza."

"Hilo sasa ndilo nataka kuliona!"

Tuliutandaza mpira mezani. Shemeji aliushika ncha moja, akauvuta.

"Unapima au unafunga mbuzi?" nikamuuliza.

"Dereva kasema aliukaza."

Nikasoma urefu, nikaenda kuchora.

Uzuri wa programu ile ni kwamba mtu huanza na mchoro bapa wenye vipimo, kisha kuta na mikunjo ya bati hujengwa juu yake. Mkunjo ukiunganishwa na kipimo cha mchoro, kipimo kikibadilika nao hubadilika, bila kuchorwa upya. Niliunganisha kuta, kingo na matundu ya bawaba, nikachapisha umbo lililokunjuliwa.

Marehemu hakukata bati kabla ya kulijaribu umbo kwa boksi la sabuni. Wateja walimcheka, yeye alikunja boksi lake taratibu. Nami nilifanya hivyo hivyo. Jioni, gari lilipotoka gereji, tulilibeba sanduku letu la karatasi ngumu hadi nyuma ya kiti.

Halikuingia. Lilizidi kwa upana wa vidole viwili.

"Mkasi huo nauona," shemeji alisema, akipiga makofi.

"Mama, mbona nilipima vizuri?" dereva alishangaa.

"Hebu upime tena, baba, tukuone."

Aliuchukua mpira wake, akaunyoosha kwa vidole viwili kwa upole, kama anayenyoosha uzi wa shanga. Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama matairi. Dereva alipoelewa, alicheka hadi akaegemea mlango, nasi tukacheka naye.

Safari hii nilipima kwa futi ya chuma. Nilirudi kwenye kompyuta, nikabadilisha namba moja, ule urefu wa mchoro. Kuta zilisogea, kingo zikafuata, matundu ya bawaba yakajipanga. Shemeji, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliinama kidogo.

Ila mfuniko haukusogea. Ulibaki na urefu wake wa zamani, umetokeza nje kama kofia iliyoazimwa.

"Huyo naye hakusikia?" akauliza.

Nikaufungua. Kila mahali niliunganisha, lakini urefu wa mfuniko niliuandika kwa mkono, namba kavu isiyojua habari za sanduku. Niliifuta, nikaandika uhusiano badala yake: urefu wa sanduku, na unene wa bati mara mbili, na nafasi kidogo ili usikwaruze. Mfuniko ukarudi mahali pake mara moja.

"Amesikia sasa," nikamjibu.

Tukajaribu boksi jipya, likakaa. Ndipo shemeji alipokata bati na kulikunja kwa mikono yake thabiti, ambayo katika kazi hiyo haina mfano. Sanduku la bati lilishuka nyuma ya kiti bila kusukumwa, mfuniko ukafunga kwa mlio mmoja. Dereva aliligonga ubavuni, akatabasamu, akaondoka nalo.

Shemeji alinyamaza kama alivyoahidi, lakini si kwa muda mrefu. Alipokuwa akifagia vipande vya bati aliuliza, bila kunitazama:

"Shemeji, lile sanduku la nyuki ninalotaka kule shambani Mbulumbulu, nalo linachoreka?"

"Linachoreka. Niletee kipimo."

"Nitaleta."

"Kwa futi, shemeji."