Hai, Nimevaa Kama Maiti

Niliondoka Dubai kwa sababu madam, bosi wetu, aliniamini kuliko nilivyostahili. Hoteli yetu ilikuwa inajiandaa kufungua sehemu ya kuogea ya Kijapani: mabwawa mawili ya maji moto, mikeka, milango ya kusukuma pembeni. Alipouliza ni nani anayejua desturi za Wajapani, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nilizijua kweli, ila kutoka kwenye simu. Kwa miezi minne, kila nikitoka zamu, nilikaa kitandani kwangu mtaa wa Al Qusais nikitazama video na kuandika daftarini. Sijasomea hoteli wala kitu kingine. Ninachokijua nimejifundisha, na ndiyo maana naogopa kukosea kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Niliwafundisha wahudumu wanane. Nikachora hatua kumi na mbili za kumvalisha mgeni yukata, lile joho jepesi la pamba ambalo mtu huvaa akienda kuoga na akitoka, nikazibandika ukutani. Madam akafurahi. Akasema usimamizi wa sehemu hiyo utakuwa wangu, kwa sharti moja: niende Japani nikalale siku mbili kwenye nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, nihakikishe tunachofanya ndicho.

"Wageni wa ufunguzi ni Wajapani," akasema. "Nikiona kosa hata moja siku hiyo, naleta msimamizi kutoka nje. Yalla, kafunge begi."

Asubuhi ya safari, Nakato alinisindikiza hadi kituo cha metro. Nakato ni Mganda, tunafanya kazi pamoja na kulala chumba kimoja. Kufikia hapo nilikuwa nimekagua pasi yangu mara saba.

"Mwalimu," akasema, maana ndilo jina alilonibandika, "ukiifungua tena hiyo pasi, picha itafutika."

"Na nikikuta nimekosea kitu?"

"Utakuwa binadamu. Sisi wengine tulishafika huko zamani, karibu."

Kesho yake mchana nilikuwa ndani ya treni, nikipanda milimani. Iliandikwa kwamba itaondoka saa nane na dakika kumi na saba, na ikaondoka saa nane na dakika kumi na saba. Nilitaka kulia. Maisha yangu yote nimechekwa kwa kufika kabla ya watu, na kumbe kulikuwa na nchi nzima ya ndugu zangu.

Saa kumi alasiri nilipokelewa na Bi Hanae, mama wa makamo aliyepiga magoti mlangoni na kuinama hadi paji la uso likakaribia mkeka. Kazi yangu ni kupokea wageni, kupokelewa sijazoea, basi na mimi nikapiga magoti. Akainama tena. Nikainama zaidi. Sijui tungefika wapi kama simu ya mapokezi isingelia.

Kila aliloniambia nilijibu "hai", yaani ndiyo kwa Kijapani. Viatu nilivua mahali pake. Ndara za chooni niliziacha chooni. Moyoni nilikuwa najipa maksi.

Kisha likaja bafu. Mimi ni binti wa Nyeri, hata dada zangu hunigeuzia mgongo nikibadilisha nguo, na sasa nilikuwa uchi wa mnyama mbele ya bibi watatu waliokuwa wakipiga soga zao. Wakanitazama, wakainamisha vichwa kwa adabu, wakaendelea na soga. Nilijisugua kwanza, nikajisuuza mara mbili, nikaingia majini nikiwa na kitaulo kichwani kama video ilivyoagiza. Maji yangeweza kuivisha viazi. Lakini sikuwa nimekosea hata kitu kimoja.

Nilitoka, nikavaa yukata kwa hatua zangu kumi na mbili, nikajitokeza koridoni kifua mbele.

Bi Hanae aliniona, akashika mdomo.

Nikadhani amevutiwa. "Hai!" nikamwambia kwa furaha.

Akatikisa kichwa, akanionyesha kifuani.

"Hai, hai!" nikasema, nikajinyoosha aone vizuri.

Akatoa simu mkandani mwake, akainong'oneza. Simu ikafikiri kidogo, halafu ikatamka kwa Kiswahili safi: "Mheshimiwa mgeni, samahani. Umefariki."

Ikatuchukua muda kuelewana. Yukata hufungwa upande wa kushoto juu ya ule wa kulia. Ukiweka wa kulia juu, hivyo ndivyo wanavyomvalisha maiti. Nami nilijua mara moja nilikokosea. Mwalimu wa kwenye video alikuwa amenitazama, nami nikamwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kushoto kwake nikakufanya kulia kwangu.

Nilipomweleza kwa simu kwamba kwetu "hai" maana yake ni mtu ambaye hajafa, Bi Hanae alicheka hadi akakaa chini pale koridoni. Nilicheka pia, mpaka nilipokumbuka ule ukuta wa Dubai.

Nikampigia Nakato.

"Mmeshavaa yukata?"

"Leo asubuhi, sote wanane. Madam ametupiga picha, anasema tumependeza."

"Nakato, mmevaa kama maiti."

Akaangua kicheko cha Kiganda, kile kinachoanzia tumboni. "Ndiyo maana mwenzetu Yusufu alikuwa anasinzia! Sikiliza, Mwalimu. Nitabandua michoro, nitawageuza wote. Madam hatajua. Khalas."

Nilitaka sana kukubali. Ile kazi niliihesabu kuwa yangu, na ningeweza kuipata bila kusema neno.

Saa moja jioni Bi Hanae aliniletea chakula, vibakuli visivyopungua kumi. Alipokwisha kupanga aliitazama sinia, akaona bakuli la wali na la supu yamebadilishana nafasi. "Nimekosea," akasema kwa sauti, simu ikatafsiri, akainama kidogo, akayageuza. Basi. Akanimiminia chai na kuanza kuniuliza kama Nyeri kuna theluji. Mimi kwa kosa la ukubwa huo ningekosa usingizi wiki nzima.

Chai ilipoisha nilimpigia madam nikamwambia yote, hata habari za daftari na simu.

"Yaani nimepiga picha ya maiti wanane," akasema.

"Ndiyo, madam."

"Na nilikuwa niitume leo kwenye kadi za mwaliko." Kisha akaagiza: "Rudi uwafundishe upya. Na uanze kwa kuwaambia ulivyokosea. Mimi nitakuwa nimekaa mbele."

Niliporudi Dubai nilifanya hivyo. Nilijifunza kwamba watu wakicheka kosa lako hulikumbuka kuliko michoro kumi na miwili. Usimamizi nimepewa kwa majaribio, na madam bado hupita kukagua vifua vya wageni.

Siku ya ufunguzi Nakato alimfunga mkanda mgeni wa kwanza, mzee wa Kijapani, akamkagua kifua, kisha akanigeukia.

"Hai?" akauliza.

Nikatazama. Kushoto juu. "Hai."

"Hai!" akajibu mzee kwa furaha, akaenda zake kuoga.