Chumba cha Vitanda Viwili

Daktari wa Homa Bay alipotuambia kwamba dawa hazitamsaidia mama tena, niliamua kumpeleka Kisumu tulale siku mbili katika hoteli ya kifahari. Tangu niolewe Migori, miaka kumi na minane, mama hakuwahi kulala kwangu hata mara moja. Kwetu Wajaluo, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Alikuwa akija asubuhi kutoka Kosele, anakula, anacheka na wajukuu, na ikifika saa tisa anatafuta viatu vyake. Hoteli si nyumba ya mtu, nilijiambia. Huko hatakuwa na kisingizio.

Nilichagua hoteli kwa mwezi mzima, na mimi nikichagua kitu huwa nachosha watu. Wateja wa duka langu la vitambaa walisubiri huku nikitazama picha kwenye simu. Hii ina lifti, maji ya moto hayaaminiki. Ile inatazama ziwa, lakini ngazi ni nyingi. Nilipiga hata simu kuuliza kimo cha kitanda, maana magoti ya mama yalikuwa yamevimba. Pesa za chumba cha kawaida nilikuwa nazo. Mume wangu alipoona ninavyohangaika, akalipia ile ghali kuliko zote. Siku hiyo nilimpenda upya.

Mhudumu alitufungulia mlango. Mama akapapasa shuka, akachungulia bafuni, akatabasamu. Kisha akauliza, "Nyathina, mwanangu, hii room nani amelipa?"

"Ni baba watoto, Mama," nikajibu kwa majivuno.

Akaondoa mkono kitandani. "Basi hapa ni kwake. Nirudishe home."

Nilibembeleza, nikalia, nikafoka kwamba mila hazijui hoteli. Yeye alikuwa ameshatoka, ameketi karibu na lifti, mkoba mapajani.

Nilimrudisha Kosele mchana uleule, na njia nzima nilinuna. Hasira zangu nazijua, zikinipanda sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mama aliniuliza mara mbili kama nimekula. Alishuka kwa taabu, akanishukuru kwa kumtembeza, nami nikageuza gari.

Alifariki juma lililofuata. Ningemwambia nimelipa mimi, angelala. Ningelipa mimi kweli, hata kile chumba cha kawaida, angelala.