Kupiga Hodi Brevoncourt

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chumba cha Michoro alinipa kalamu ya wino akanionyesha dirisha. "Nje ni Etterbeek," alisema. "Humu ndani ni Ufaransa, na wewe utaichora." Kampuni yetu ndogo ya mtaa huo wa Brussels ilitengeneza ramani za watembea kwa miguu, zile ambazo mtalii hushindwa kuzikunja mvua ikianza. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na diploma ya upimaji ardhi na koti la kuazima, kwa hiyo nilikubali kila nilichoambiwa.

Ninyi vijana mna setilaiti. Sisi tulipima kwa teodoliti, yaani darubini ya kusomea pembe, inayokaa juu ya miguu mitatu. Kutokana na vipimo hivyo tulichora kontua, mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Ukiona mistari imebanana, jua kuna mlima, uandae magoti.

Baadaye nilihamishiwa brigedi ya nje, yaani kikosi cha kwenda kupima mahali penyewe, chini ya Kiongozi wa Brigedi, mzee wa Kolwezi tuliyemwita Papa Chef. Hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Kituo chetu cha kwanza pamoja kilikuwa Brevoncourt, kijiji cha mashariki mwa Ufaransa ambacho watu wake wote wangeenea kwenye mabasi mawili. Kina mtaa mmoja tu, nyumba zimeshikana, na mbele ya kila nyumba kuna uwanja mpana wa kuweka kuni na samadi. Juu yake ni kilima cha mawe ya chokaa chenye msitu, na chini kinapita kijito.

Papa Chef alisimamisha miguu mitatu kando ya kijito. Hatujasoma hata pembe moja, akatokea mama mmoja ameshika uma wa kupakulia samadi. Alikuwa meya wa kijiji. Nyuma yake watu walianza kutoka majumbani.

"Ondoeni hicho," alisema kwa Kifaransa. "Bwawa lenu mkalijenge kwingine."

Papa Chef alinigeukia. "Alors, huyu maman iko na shida gani? Tunapima tu! Mwambie atoke mbele ya darubini, jua inaenda."

Hofu ya yule mama niliijua. Babu yangu alinisimulia jinsi wageni walivyokuja kijijini kwao, wakasimamisha miguu mitatu shambani bila salamu, wakaondoka. Muda si mrefu kijiji kizima kikahamishwa kupisha mgodi. Mpaka anakufa babu alikuwa akisema, "Mwenye miguu mitatu akifika, fungeni mizigo."

"Papa Chef, hatukupiga hodi," nilisema. "Kwetu unaweza kupima udongo ya watu bila kusalimia mukubwa wa kijiji?"

"Huku ni Ufaransa."

"Na ile uma ni ya Ufaransa vilevile."

Kicheko kilimponyoka. "Bon. Enda umusalimie weye."

Nilivua kofia nikamwendea meya. Nilimtajia jina langu, la baba yangu, na kazi yetu: ramani ya njia za kutembea, basi. Nikamfungulia ramani ya bonde la jirani. Aliipitishia kidole mwanzo hadi mwisho akitafuta bwawa, asilione. Kisha akanionyesha msitu kilimani. Kijiji cha zamani kilikuwa pale, akasema. Vita vilikiteketeza, na bibi yake aliteremka na mbuzi mmoja na saa ya ukutani, wakajenga upya hapa chini.

"Tumeshahama mara moja," alisema. "Tangu uvumi wa bwawa uanze, sijapata usingizi."

Akaketi juu ya kuni, uma magotini, akalia kama mtu aliyetua mzigo. Sikuona aibu kulia naye, maana nilikuwa na furaha tele kwamba safari hii miguu mitatu haikuja kumhamisha mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na siku ile mgeni naye alipona. Kwenye ramani tuliandika Brevoncourt, na pale msituni, kwa herufi ndogo, kijiji cha kale.

Tangu hapo ikawa kanuni ya brigedi: hodi kwanza, darubini baadaye. Papa Chef alidai ameibuni yeye. Tulikaribishwa supu nyingi sana hivi kwamba Mkuu wa Chumba cha Michoro alilalamika kuwa tunarudi tumenenepa.

Sasa nimestaafu, na magoti yamesalimu amri. Mwaka jana mke wangu aliniendesha mpaka Brevoncourt. Meya ni binti wa yule mama. Kijito kinapita palepale, na kuni zimepangwa mbele ya nyumba.

"Papa, juu ya nini unaangalia manyumba ya watu hivi?" mke wangu aliuliza.

"Naangalia kama ziko zote."

"Donc, unaona nini?"

"Ziko zote."

Nilipumua. Mimi nami nilikuwa mwenye miguu mitatu, miaka yote ile, na hakuna aliyehama kwa sababu yangu. Babu, fungua mizigo.