Alama Chini ya Kiboko

Mimi ndio nilimharibia. Nasema mapema ndio usinionee huruma.

Rafiki yangu alitoka Kongo kuja kuchonga mawe Tabaka, kwa tajiri mmoja anayeuza vinyago nje. Kibali chake cha kazi kilikuwa na jina la huyo tajiri. Ukikosana na yeye, umekosana na serikali. Nilichonga kando ya huyo rafiki miaka mitatu. Hakuna shule ilinifundisha hii kazi, ni macho yangu tu na mikono yake. Ukimtukana, umenitukana.

Tajiri hakuwahi kumwita jina. "Mgeni, kunywa chai haraka, jiwe linakungoja." Mbele ya watu, kila siku.

Halafu mama mmoja mwenye karakana Masimba akatutaka sisi wawili tumfanyie kazi. Akampelekea rafiki yangu maombi ya kibali kipya kwa Uhamiaji, na akatuambia wazi: "Mpaka kitoke, asiguse hata msasa. Akipatikana amenifanyia kazi, anarudishwa kwao."

Mimi nikaanza. Yeye akabaki kwa nyumba, mikono mfukoni. Wiki zikaenda. Wachongaji wa Masimba wakapata mchezo.

"Huyo Mkongo wako yuko kweli, ama tumchonge?"

"Labda hajui kuchonga. Anajua tu kungoja."

Damu ikanipanda. Sasa, kwetu kila mchongaji anakwaruza alama yake chini ya kinyago. Ukipapasa tu unajua ni cha nani. Yake ilikuwa mistari miwili na nukta. Nikachonga kinyago cha kiboko, nikakwaruza mistari miwili na nukta, nikaiweka kwa rafu mbele yao wote.

"Hiyo amechonga mwenyewe, kwa nyumba. Haya, chekeni!"

Wakarudi kwa mawe yao. Nilisikia raha mpaka jioni. Yeye sikumwambia.

Maneno yakafika Tabaka. Siku ya tatu tajiri akaingia karakana kama mnunuzi mwingine tu. Akapindua vinyago kimoja kimoja akiangalia chini, kama mtu anakagua mtoto kama amejikojolea. Alipofika kwa kiboko akatabasamu.

"Hii nachukua, kijana. Usiifunge."

Ikafika Uhamiaji kabla kibali kitoke.

Tuliitwa, na tajiri akaketi hapo hapo na suti yake. Nikagonga meza. "Ni mimi nilichonga!"

Afisa hata hakuinua macho. "Alama ni ya nani?"

"Yake."

"Na nani aliambia karakana nzima kwamba amechonga yeye?"

Ilikuwa mdomo wangu huu huu.

"Mgeni," tajiri akasema, "si ungebaki tu kwangu?"

Rafiki yangu alimgeukia afisa. Aliomba ashike hiyo kiboko. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaiona. Akapitisha kidole gumba kwa miguu, mmoja mmoja, vile alikuwa akikagua kazi yangu Tabaka.

"Miaka mitatu nakufundisha," akaniambia, "na mguu wa nyuma bado mfupi."

Akaiweka kwa meza. Ikayumba.

"Ndugu, kama ni kuniibia jina, ungechonga vizuri."

Afisa aliona ikiyumba. Aliona kabisa, kwa sababu aliizuia na kidole kimoja isigonge gonge, na kwa mkono ule mwingine akapiga muhuri kwa karatasi ya kumrudisha kwao.