Sisimizi wa Bibi na Paka

Juzi asubuhi niliingia bafuni kwangu hapa mjini Masoko nikakuta sisimizi wamejipanga mstari sakafuni. Nikacheka peke yangu, halafu, sikufichi, nikaenda kupima sukari. Niko mzima, alhamdulillahi. Ila siku nzima moyo ulikuwa ng'ambo ya maji, Kisiwani, kwa bibi yangu.

Bibi alikuwa mpika kashata. Alfajiri nyumba nzima inanukia nazi na sukari inayochemka, mwiko unagonga sufuria ko, ko, ko. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kisimani na kujaza mtungi. Nilipokuwa darasa la nne, mtungi ule ulianza kunitesa: naujaza asubuhi, adhuhuri mtupu. Bibi akasema kiu ni ya ng'onda, samaki mkavu ana chumvi mno. Akakonda, majirani wakasema ni moto wa jiko. Na sisimizi chooni? Hao hakuna aliyewashangaa. Nyumba ya kashata itakosaje sisimizi? "Wamefuata sukari ya mikono yangu," bibi anasema, anawamwagia maji.

Tulikuwa na paka dume, mnene kama mto wa sufi. Naye akaanza kumaliza maji ya kuku. Anakula, anaomba tena, na mbavu zinatokeza, miguu ya nyuma inakanyagia visigino. Akikojoa pembeni ya banda, sisimizi hao.

Siku moja jirani yetu, nesi wa zahanati, alikuja kununua kashata. Nikamuuliza kwa utani tu, "Shangazi, kwani paka naye anapika kashata? Mbona mkojo wake una sisimizi kama choo cha bibi?"

Bibi akaninyanyulia mwiko. "Mtoto huna adabu! Mie na paka wapi na wapi?"

Nesi alicheka. Akautazama mtungi, akamtazama bibi. "Bibi, haja ndogo unakwenda mara ngapi?"

"We, siku hizi mlango wa choo haufungwi."

"Na macho?"

"Yana ukungu. Uzee huo, mwanangu."

"Si uzee. Mama yangu alianza hivi hivi, tukachelewa, akakatwa mguu. Kesho tunavuka kwenda hospitali Masoko, na usinibishie."

Bibi alibisha mpaka tunapanda mashua. Alipopimwa, sukari ilikuwa juu sana. Daktari akasema tumewahi.

Paka hatukupata wa kumtibu. Tulimzika nyuma ya jiko, na bibi aliyekataa kufananishwa naye ndiye aliyelia kuliko wote. "Kanitangulia kuniambia," alisema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na miguu yake yote miwili. Kashata akaendelea kupika, ila hakuonja tena. "Onja wewe, mjukuu wangu, ulimi wangu umestaafu." Nikaonja mpaka nikawa mkubwa.

Sasa bibi hayupo, jiko limeanguka, mtungi umebaki vigae. Lakini nikiona sisimizi mahali pasipo na sukari, siwafukuzi kwanza. Nauliza: humu ndani nani ana kiu?