Yaya Alioshwa Kabla ya Kipimo

"Alipimwa, hawakumuona na kitu." Hivyo ndivyo shemeji yangu anavyowaambia watu juu ya yaya, dada yangu mkubwa aliyekuwa mke wake, na kila nikimsikia damu inanichemka. Alipimwa wapi? Alipanda kitanda, akashuka, akarudi nyumbani. Kama huko ndiko kupimwa, basi mimi nimebatizwa mara elfu, maana kila siku napita mbele ya kanisa.

Mimi nauza samaki ya chumvi katika soko la Nyakasanza, hapa Bunia. Yaya alikuwa ameolewa kijijini Marabo, analima maharagwe na mihogo, mtu mpole ambaye akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye. Sijui tulitokaje tumbo moja. Mama yetu alikufa akivuja damu, na mpaka leo ukoo unasema ni "ugonjwa wa tumbo", kwa sababu mahali penyewe hapatajwi. Kwa hiyo siku kituo cha afya cha mtaani kwetu kilipotangaza kwamba kitapima wanawake kansa ya shingo ya kizazi, bure, sikungoja. Yule mwenye megafoni alipita sokoni akisema ugonjwa huu unaanza bila maumivu, na ukikutwa ungali mdogo unachomwa na kuisha. Nilimpigia yaya nikamwambia apande pikipiki aje.

Alikuja. Alilala kwa shangazi yetu, dada ya baba, ambaye ni mkubwa wa wamama wote kanisani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Asubuhi nilikwenda kumchukua. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amechutama juu ya beseni, ameng'ata ncha ya kitenge, machozi yanamtoka. Shangazi amesimama pembeni, ameshika kikombe. Ndani ya beseni kulikuwa na maji ya moto, ndimu, chumvi na majani yale machungu ambayo kwetu bibi arusi anaoshwa nayo ndani kabisa kabla ya kupelekwa kwa bwana yake. Yaya alikuwa ameoshwa nayo usiku, na sasa anaoshwa tena.

"Shangazi, hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Munganga iko mwanaume," akasema. "Mwanamuke hawezi kupeleka harufu yake mbele ya mwanaume wa watu. Na weye ingia, maji ingali mingi."

Nilimwambia nimeoga kwa sabuni kama binadamu wengine, na samaki wangu wananingoja mezani. Akaniambia nitaaibisha ukoo. Nikamjibu ukoo huu umezoea. Yaya alisimama, akatembea miguu wazi mpaka kwenye pikipiki.

Kituoni tuliketi kwenye benchi moja. Mimi niliingia kwanza. Sitasema uongo, ni jambo la aibu kulala pale na kile chuma kinachokufungua. Lakini munganga, ndivyo tunavyomwita daktari, aliongea nami kama mtu: mama, sasa naingiza, mama, sasa napaka siki, vuta pumzi. Ndiyo, siki ile ya kachumbari. Mahali penye ubaya panageuka peupe. Tulingoja kidogo, halafu akasema kwangu pamegeuka.

Niliona kifo cha mama. Munganga akasema bado si kansa, ni kitu kinachoweza kuwa kansa kikiachwa, na anaweza kukichoma hapohapo. Alichukua kifaa chake cha moto, akakigusisha. Nilisikia maumivu kama ya hedhi, si zaidi. Aliponiambia nisilale na bwana kwa wiki kadhaa, nilimwambia mimi ni mjane, sharti hilo nimeshalizoea, akacheka. Nikavaa kitenge changu. Kitu kile kimekwisha, na nikirudi kupimwa wanakuta pasafi. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha maharagwe, na ndiyo maana siwezi kutulia.

Yaya aliomba niingie naye. Munganga alitazama. Akatazama tena.

"Mama, mulitia nini humu?"

Yaya aligeuza uso ukutani. Nilijibu mimi.

Munganga alishusha pumzi. "Pako pekundu pote, panavuja damu. Siki haiwezi kunionyesha kitu hapa. Nitakupa dawa, upone, urudi mwezi ujao. Mama, unanisikia? Leo sijakupima." Alirudia neno lile kwangu mlangoni, ili nilishike. Nililishika. Ni wenzangu waliolitupa.

Yaya alirudi Marabo na dawa zake. Mwezi ulipotimia, kulisikika risasi upande ule, barabara ikafungwa, magari yakangoja kusindikizwa na wanajeshi. Kwa hilo silaumu mtu wa nyumbani. Lakini barabara ilifunguliwa. Maharagwe yake yalifika Bunia, nimeyaona kwa macho yangu yakishushwa sokoni, na yeye hakuja. Nilimpigia shemeji.

"Walimutazama ndani, wakamupa dawa, hawakusema ugonjwa," akasema. "Unataka wamuvue nguo mara ngapi?"

Nilimfokea mpaka salio likaisha. Nilikwenda kwa shangazi, nikamwomba amwite yaya yeye mwenyewe, maana anasikilizwa. Shangazi alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba alimpeleka binti wa kaka yake kwenye kipimo na Mungu ametenda, hakuna kitu. Angewezaje kumrudisha tena? Angewaambia nini wale wamama waliopiga vigelegele? Na yaya mwenyewe, nikimwomba kwenye simu, ananijibu kwa ile sauti yake ya chini: "Acha tu, mudogo wangu. Usigombane nao kwa ajili yangu." Mpole. Naichukia hata leo ile sifa ya upole wanayomsifia.

Damu ilipoanza, alificha. Alipoletwa kwangu hakuweza kuketi kwenye pikipiki bila kushikwa mgongoni. Daktari wa hospitali kubwa aliniita pembeni, akaniambia kansa imeshatoka kwenye shingo ya kizazi na kushika kibofu, upasuaji hautafaa tena, na mashine ya kuichoma kwa miale haipo Bunia. Ipo ng'ambo ya mpaka, kwa watu wenye uwezo. Sisi tungemtuliza maumivu.

Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni: siku ile ya siki, kama asingeoshwa, wangeiona? Alisema hawezi kujua. Labda ilikuwa ndogo kama yangu, labda ilikuwa imeshatangulia. Afadhali angejibu uongo nikapata wa kumlaani vizuri. Sasa nina hasira isiyojua ikae wapi, inamzunguka shangazi, inamzunguka shemeji, inarudi kwa Mungu.

Alilala nyumbani kwangu mpaka mwisho. Harufu ilijaa chumba, harufu ya kweli sasa, na yeye alinisihi nisiruhusu wageni. Shangazi alikuja na majani yake. Niliyamwaga mlangoni, mbele ya miguu yake. Sikumwambia kitu, kwa sababu kama ningefungua mdomo ningemtukana mama yake, ambaye ni bibi yangu.

Tulimzika. Kesho yake watu walikuwa wamekaa chini ya turubai uani kwangu, nikamsikia shemeji akiwaeleza wazee: "Hopitali haina kazi. Walimupima, hawakumuona na kitu."

Nilisimama. Nilitaja mahali penyewe kwa jina lake, mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji. Nilisema mlimuosha mkamchubua, munganga akasema hajampima, na hakuna aliyemrudisha. Nilisema mimi nilikwenda na harufu yangu ya samaki na niko hai. Wazee walitazama chini. Shangazi akasema, "Funga mudomo, uko mbele ya wakwe." Nikamaliza kwanza, ndipo nikaenda jikoni kulia.

Mwanamke mmoja alinifuata huko. Nilimjua kwa sura tu, anaimba kwaya na shangazi. Alisimama akipindapinda kitenge chake.

"Na mimi walinioshaka," akasema. "Munganga akaniambia nirudi. Nikasema nyumbani: haina kitu."

"Ulienda lini?"

Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake wa kike aliyekuwa amesimama pale anatafuna muwa, meno yote kinywani.

"Mbele nizae huyu," akasema, yaani kabla ya kumzaa.

Munganga alikuwa kazini mpaka saa tisa. Nilimshika yule mama mkono, kwa nguvu kuliko nilivyotaka, tukapita na mtoto katikati ya turubai, kati ya wazee na wakwe na sahani za wali, tukatoka barabarani. Udongo wa kaburi la dada yangu ulikuwa haujakauka, na mimi nakiacha kilio chake. Najua walivyosema juu yangu siku ile. Waseme.